Mvuke mlimani: injini moja, mbili, dizeli nyuma, au reli ya meno?

Kila kikundi kinachofufua reli ya zamani ya milimani hufika mahali pamoja pa kubishana. Injini imekwisha tengenezwa, rangi inang'aa, watu wanaulizia tiketi, na njia yenyewe inapanda kama ngazi. Mmoja anasema tuvute na injini moja, tupunguze mabehewa. Wa pili anataka injini mbili, maana picha zitapendeza. Wa tatu, na mara nyingi ndiye anayeshika daftari la hesabu, anauliza kwa sauti ya chini kwa nini dizeli isifungwe nyuma. Na hakosekani mmoja aliyewahi kupanda reli ya meno huko Uswisi, ile ambayo injini hujikokota juu kwa gurudumu la meno, ambaye tangu siku hiyo hana habari nyingine.

Wote wana hoja. Shida ni kwamba kila mmoja anapima jambo tofauti: huyu anawaza kupanda, yule anawaza kushuka, mwingine anawaza benki. Kwa hiyo tuanze na vipimo, kisha tuzipitishe njia zote nne mbele ya vipimo hivyo hivyo.

Pima nini kwanza

Cha kwanza ni mshiko. Injini ya mvuke inaweza kuwa na moto wa kutosha kuyeyusha jiwe na bado isisogee, kwa sababu inavuta kwa uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa na pistoni, si zaidi. Tufanye hesabu ya mfano. Kwenye tambarare, kila tani ya treni huhitaji nguvu ya kama kilo 5 tu kuisogeza polepole. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 40, yaani mita 1 juu kwa kila mita 40 za njia, zinaongezeka kilo 25 kwa kila tani. Chukua injini ya tani 60, tani 45 kati ya hizo zikiwa juu ya magurudumu ya kuvuta. Reli ikiwa kavu, mshiko ni kama sehemu moja ya tano ya uzito huo: tani 9 za nguvu, zinazotosha kupandisha tani 300, injini yenyewe ikiwemo. Hapo unapata mabehewa 6 ya tani 35. Sasa inyeshe mvua nyepesi juu ya majani yaliyoanguka, mshiko ushuke hadi sehemu ya kumi. Injini ile ile, moto ule ule, inapandisha mabehewa 2. Kwenye 1 kwa 25 mambo ni magumu zaidi: mabehewa 4 siku kavu, 1 siku mbaya. Kona kali zinapunguza tena, maana magurudumu yanasuguana na ubavu wa reli.

Cha pili ni kushuka. Treni iliyopandishwa mita 600 itarudi na nguvu zote hizo, na lazima zigeuzwe joto mahali fulani, kwa kawaida kwenye vipande vya breki na kwenye magurudumu. Magurudumu ya injini nyingi za zamani yamevishwa pete ya chuma iliyopashwa moto ikatanuka, ikaingizwa, ikapoa na kubana. Breki ikishikwa mfululizo mteremko mzima, pete inapata moto tena, inatanuka na inaweza kulegea. Wenye breki za utupu wakumbuke pia kwamba nguvu zake zinatokana na kanieneo ya hewa ya nje. Njia ikiwa juu sana, hewa ni nyepesi na breki ni dhaifu, tena mahali hasa panapoihitaji.

Cha tatu ni maji ndani ya boila, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa wageni wengi wa fani hii hawakifikirii. Juu ya moto kuna bamba la chuma, dari ya tanuru. Chini linalambwa na miali, juu lazima lifunikwe na maji muda wote. Boila ya kawaida imelala kwa urefu. Injini ikipanda dohani likiwa mbele, maji yanarudi nyuma upande wa tanuru na bomba la kioo mbele ya mchocheaji moto linaonyesha maji tele. Halafu kilele kinapitwa, pua ya injini inainama, maji yanakimbilia mbele. Kwa boila ya mita 5, kutoka mwinuko wa 1 kwa 40 kwenda mteremko wa 1 kwa 40, kiwango upande wa tanuru kinashuka kama sentimita 12. Kwenye kioo kifupi hizo ni sentimita zote ulizokuwa nazo. Mchocheaji mzoefu huanza kuingiza maji kabla ya kilele, hata kama mvuke utapungua na dereva atanuna. Juni 1995 huko Pennsylvania, Marekani, injini ya treni ya watalii iliishiwa maji juu ya tanuru, dari ikapasuka, na watu 3 waliokuwa kwenye kibanda wakaungua. Abiria walinusurika, na hata mlima wenyewe haukuwa wa kutisha.

Vilivyobaki nivitaje tu: cheche na moto wa nyika, watu na gharama, na kimoja ambacho wenzetu huona aibu kukisema wazi, yaani abiria amekuja kuona na kusikia nini.

Njia ya kwanza: injini moja, mabehewa machache

*Kuvuta.* Hii ndiyo njia ya reli ya Darjeeling nchini India, yenye upana wa milimita 610 kati ya reli na reli, iliyofunguliwa 1881 na kupanda hadi mita 2,258 pale Ghum. Vijinjini vyake vya aina ya B vinavuta vibehewa vichache tu, na njia yenyewe inasaidia kwa mizunguko na zigizaga: treni inaingia mbele, inapanda kinyumenyume, kisha inaendelea mbele tena. Hata hivyo wamezoeleka watu wanaokaa pale mbele kabisa, juu ya boriti ya mbele ya injini, wakimwaga mchanga kwa mkono juu ya reli. Usiwacheke. Mchanga ndio rafiki wa kwanza wa dereva wa mlimani, mradi uwe mkavu. Ukiloa unaganda kwenye bomba, na ukimwagwa kupita kiasi unayakwaza mabehewa yanayofuata.

Magurudumu yanapoteleza, sikio hutangulia jicho. Injini ya silinda mbili hutoa pumzi nne nzito kwa kila mzunguko. Ghafla pumzi hizo zinachanganyika zikawa mvumo mmoja, na dohani linatema moshi, cheche na vipande vya makaa yaliyong'olewa kutoka tanuruni. Dereva anafunga mvuke, anamwaga mchanga, anafungua tena kwa upole. Ikitokea mara tatu kwenye kona moja, mchocheaji hana tena moto wa maana, na treni inasimama.

*Kushuka.* Treni fupi ni rahisi kuizuia. Hii ndiyo faida kubwa ya njia hii na haisifiwi vya kutosha.

*Maji.* Wengi huelekeza dohani upande wa juu safari zote mbili, ili tanuru lisiachwe kavu mlima mzima. Maana yake injini hushuka kinyumenyume, na dereva anaona vizuri au vibaya kutegemea umbo la tenda, yaani kile kibehewa cha makaa na maji kinachofungwa nyuma ya injini.

*Moto na cheche.* Injini inayofanya kazi peke yake kwa nguvu zote ndiyo inayorusha cheche nyingi. Wavu wa dohani unapunguza, haumalizi.

*Watu na gharama.* Wafanyakazi wachache, injini moja tu ya kukagua. Lakini viti ni vichache pia, na ikiharibika hakuna safari.

*Abiria.* Anapata anachokifuata: injini inahangaika kweli kweli mbele yake. Inawafaa wenye njia fupi, watalii wa kiasi, na subira ya kuuza tiketi 100 badala ya 300.

Kuna mdogo wake ambaye hasahauliki, injini ya gia aina ya Shay. Silinda zimesimama wima ubavuni, zinazungusha shafti ndefu, na shafti inayaendesha magurudumu yote, hata ya tenda. Huko Cass, West Virginia, zinapanda miinuko inayofika asilimia 11, yaani mita 11 juu kwa kila mita 100 za njia, bila reli ya meno. Mwendo wake ni wa mtu anayewahi sokoni bila kukimbia, na kelele zake zinadanganya kwamba inaenda mbio.

Njia ya pili: injini mbili za mvuke

*Kuvuta.* Mshiko unaongezeka maradufu kwenye karatasi, na karibu maradufu kwenye reli. Swali ni wapi pa kuiweka ya pili. Zote mbili zikiwa mbele, mvuto wote unapita kwenye kiungio cha behewa la kwanza, na mabehewa ya zamani yana kiwango chao cha kuvumilia. Ya pili ikiwa nyuma inasukuma, viungio vinapumua, lakini kwenye kona kali behewa jepesi linaweza kubanwa katikati likaruka reli. Mlima wa Lickey nchini Uingereza, wa 1 kwa 37.7, ulikuwa na injini yake ya kusukuma tu: Big Bertha, yenye magurudumu 10 ya kuvuta, iliyojengwa 1919 na kufanya kazi hiyo hadi 1956. Madereva walizungumza kwa honi, na mpaka leo lugha hiyo lazima ifundishwe upya hata kama kuna redio.

Madaraja ndiyo yanayowaumbua wengi. Kwenye njia ya Cumbres na Toltec, mpakani mwa Colorado na New Mexico, mwinuko unafika asilimia 4 kuelekea kilele cha mita 3,053, na injini mbili ni jambo la kawaida katika historia yake. Lakini daraja la Lobato halikujengwa kubeba zote mbili zikiwa zimeshikana. Injini ya mbele inakatwa, inavuka peke yake, inasubiri ng'ambo, kisha treni inafuata na kuungwa tena. Abiria wenye kamera wanafurahi sana. Anayepanga ratiba hafurahi.

*Kushuka.* Una breki za injini mbili, lakini pia una madereva wawili. Ni lazima ijulikane mapema nani anashika breki ya treni nzima. Hapa hakuna ushirika wa nusu kwa nusu.

*Maji na moto.* Kila kitu ni mara mbili: maji ya kujaza, makaa, majivu, cheche.

*Watu na gharama.* Ndipo panapouma. Boila mbili za kukaguliwa, wachocheaji wawili, na ya akiba inakuwa haipo tena kwa sababu imekwisha fungwa kwenye treni.

Njia ya kukwepa sehemu ya gharama hiyo ni Garratt: boila moja kubwa katikati, seti mbili za silinda na magurudumu mbele na nyuma, dereva mmoja. Inapinda kwenye kona kali, inagawa uzito kwenye ekseli nyingi, na kwa kuwa haina magurudumu chini ya boila, tanuru linaweza kuwa pana na refu kwenda chini. Reli ya Welsh Highland huko Wales ilichukua Garratt za NGG16 kutoka Afrika Kusini, zenye tani kama 62 kwa reli ya milimita 610, na kuziweka kwenye miinuko ya 1 kwa 40. Kubwa kuliko zote za reli yenye upana wa mita moja zilikuwa za aina iliyoitwa 59, nazo zilikuwa 34, zilizojengwa Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi, kila moja tani zipatazo 252 na jina la mlima ubavuni. Tatizo la Garratt ni moja: ukiihitaji leo, ama umeikuta au hujaikuta.

*Abiria.* Kwa mshabiki hakuna kinachozidi. Inawafaa wenye kituo kikubwa cha ufundi, madaraja imara, na siku maalumu chache kwa mwaka ambazo watu watalipa zaidi.

Njia ya tatu: mvuke mbele, dizeli nyuma

Najua wapo watakaoacha kusoma hapa. Vumilieni.

*Kuvuta.* Dizeli inageuza magurudumu kwa nguvu tulivu isiyopanda na kushuka kama ya pistoni, kwa hiyo mshiko wake kwa kila tani ni mkubwa zaidi. Siku ya mvua ndiyo tofauti kati ya kufika na kulala njiani. Hatari ni uvivu: dereva wa dizeli akisukuma kupita kiasi, injini ya mvuke inageuka pambo linalosukumwa, na mabehewa ya katikati yanabanwa.

*Kushuka.* Hapa ndipo inaposhinda hoja nyingi. Dizeli-umeme zenye breki ya mota hugeuza mota zao kuwa jenereta, na joto linakwenda kwenye grili za juu ya paa badala ya kwenye magurudumu. Treni inashuka kwa mwendo ule ule kilomita baada ya kilomita, na breki za hewa zinabaki baridi zikingoja dharura. Msisahau tu kwamba injini ya mvuke inayoburutwa mvuke ukiwa umefungwa bado inahitaji mafuta kwenye silinda, la sivyo pistoni zinajisaga.

*Moto na cheche.* Injini ya mvuke inaweza kufanya kazi kwa upole, cheche zikapungua. Na siku ya ukame mkali, dizeli inavuta peke yake, tiketi hazirudishwi zote. Hili si jambo la kufikirika. Moto uliopewa jina la 416 ulianza Colorado Juni 2018 na kuunguza zaidi ya hekta 20,000. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waliuhusisha na treni ya watalii ya Durango na Silverton, na shauri likamalizika mwaka 2022 kwa maridhiano ya dola milioni 20. Reli hiyo ilianza kugeuza injini zake za makaa zichome mafuta, ikaongeza na dizeli.

*Watu na gharama.* Unahitaji mafundi wa aina mbili, lakini saa za kazi za boila zinapungua, na safari zinazokatishwa njiani zinapungua pia. Kwenye reli nyembamba, kupata dizeli yenye uzito na breki zinazofaa si kazi ya siku moja.

*Abiria.* Wapo watakaolalamika, na wana haki kama uliwauzia "mvuke mtupu". Waambie ukweli kwenye tangazo. Familia yenye watoto wawili haitaihesabu dizeli iliyo nyuma ya behewa la mwisho. Mpiga picha ataihesabu na atakuandikia.

Inawafaa wenye njia ndefu, hali ya hewa isiyotabirika, misitu mikavu, au ratiba ya kuunganisha na treni nyingine za kawaida zisizotaka kusubiri nyuma yenu.

Njia ya nne: reli ya meno

*Kuvuta.* Hapa swali la mshiko linaondoka mezani. Gurudumu la meno chini ya injini linashika reli yenye meno katikati ya njia, mvua inyeshe au isinyeshe. Mount Washington nchini Marekani wanapanda hivyo tangu 1869, na sehemu kali kabisa inafika asilimia 37. Kwa kawaida injini hukaa upande wa chini na kusukuma, ili behewa lisiweze kuiacha.

*Kushuka.* Injini nyingi hugeuza silinda kuwa pampu: zinabana hewa, maji kidogo yanaingizwa kupoza, na treni inazuiwa bila kugusa breki. Ila meno yakiachiana, hakuna kitu kingine kinachoshika. Siku ya ufunguzi wa reli ya Snowdon, 6 Aprili 1896, injini ya kwanza, Ladas, ilitoka kwenye meno ikaanguka bondeni. Mabehewa yalisimama salama, lakini abiria mmoja aliyeruka alifariki. Baadaye waliongeza reli za pembeni za kuishikilia injini isiinuke.

*Maji.* Boila hujengwa ikiwa imeinama, ili ikae sawa mlimani. Ndiyo maana injini hizi zinaonekana zimepiga magoti zikiwa tambarare.

*Watu na gharama.* Njia, swichi za kubadili njia na meno yenyewe ni ghali, na kila kitu kinasagika. Lakini Brienz Rothorn ya Uswisi na Schafberg ya Austria zilipata injini mpya za mvuke miaka ya 1990, zinazochoma mafuta mepesi na kuendeshwa na mtu mmoja. Kwa hiyo si lazima meno yamaanishe umati kwenye kibanda. Nilgiri, India, ni ya kati na kati: kilomita 46, meno kwenye sehemu kali tu, injini zenye silinda mbili za magurudumu na mbili za meno.

*Abiria.* Mwendo ni wa polepole sana, mandhari ndiyo tiketi. Inawafaa wenye mlima usiopandika vingine. Kwenye 1 kwa 40 kuweka meno ni kununua meli ya kuvukia mfereji.

Kwa hali yako

Mwinuko wako ni 1 kwa 50 au mpole zaidi na njia ni fupi: injini moja inatosha, na pesa zilizobaki ziende kwenye breki na mabomba ya mchanga.

Ni kati ya 1 kwa 40 na 1 kwa 25, mvua ni nyingi au msitu unakauka: anza na dizeli nyuma, hata kama ni kwa misimu miwili ya kwanza. Kuitoa baadaye ni rahisi kuliko kuitafuta usiku, treni ikiwa imekwama na watoto wanalia.

Una injini mbili nzima na mhandisi amekagua madaraja kwa maandishi: tumia zote mbili siku maalumu, injini moja na treni fupi siku nyingine.

Ni kali kuliko asilimia 7 hivi: tazama injini za gia kama njia ni fupi na kona ni nyingi, na meno kama mlima unapanda bila kupumzika.

Mkiwa bado mnabishana, fanyeni jaribio moja kabla ya kuchapisha ratiba. Chagueni asubuhi yenye ukungu. Pakieni mabehewa mifuko ya mchanga kwa uzito wa abiria waliojaa. Simamisheni treni katikati ya kona kali kuliko zote, kisha mwambieni dereva aondoke. Akifika juu, mpeni dakika 10 aangalie kioo cha maji, halafu ashuke, na mtu mmoja asubiri chini na kipimajoto kupima pete za magurudumu moja baada ya moja.